Wapangaji Wasiotaka Picha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtu mzima mwenye familia yuko nyuma ya choo. Amepiga magoti, makalio juu, simu mkononi, pumzi amezibana. Ukimkuta mtu namna hiyo hapa Pajulu una haki ya kumuuliza kulikoni. Jirani yangu, mzee wa heshima zake, hakuuliza. Alikohoa tu, kile kikohozi cha nimeona na nitasema, akapita na kopo lake la maji. Chai haijachemka, mke wangu akawa ameshapigiwa simu na wifi yake kutoka mjini Arua, anaulizwa kama nimeokoka au nimerogwa.

Sikuwa naomba wala sikuwa nimerogwa. Nilikuwa nampiga picha sisimizi.

Aliyeniingiza katika balaa hili ni kijana mmoja muuza vifaa vya simu. Nilikwenda kwake kununua chaja, chaja tu, akaibana simu yangu kwa kitu kama kibanio cha nguo chenye jicho la kioo, akakielekeza kwenye noti ya shilingi elfu moja. Nikaona nyuzi na vijistari ambavyo nimevibeba mfukoni miaka yote bila kuvijua. "Mzee, hii ndiyo makro," akasema. "Ukitaka simba mpaka uende mbuga ya Murchison, ulipe gari, ulipe lango, ulipe na mtu wa kukuonyesha simba amelala. Wadudu ni bure. Wako nyumbani kwako."

Shilingi 25,000 zikatoka. Chaja nikaisahau palepale dukani.

Na kweli kwangu wapo. Ukihesabu vichwa, mimi na familia yangu tu wachache sana katika nyumba ile. Mende wamechukua jikoni, mbu wamechukua chumba cha kulala, sisimizi wana barabara yao ya kwenda kwenye sukari, na mchwa wameshamaliza fremu ya mlango mmoja, wanaukagua wa pili. Wote hao hakuna anayelipa kodi. Nikajiambia sasa watalipa kwa sura zao. Sikujua kwamba mpangaji asiyelipa, siku unapomfuata na simu mkononi, ndiyo siku anayokumbuka kwamba ana safari.

Kwa wale waliobahatika kutoijua, makro ni kumpiga picha kiumbe mdogo mpaka sura yake, pale inapotua kwenye kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, iwe na ukubwa uleule alio nao mwenyewe. Sisimizi wa milimita tano anachukua milimita tano. Hiyo ni makro ya wenye kamera kubwa na lenzi za bei ya ng'ombe. Sisi wa kibanio tunajikongoja nyuma yao. Kilenzi changu kinaona vizuri katika umbali mmoja tu, kama sentimita mbili na nusu. Ukisogea mbele unywele, ukungu. Ukirudi nyuma unywele, ukungu. Kubonyeza kioo cha simu ili ipate fokasi hakusaidii. Unaiacha ilivyo, unasogeza kiwiliwili chako chote, mbele na nyuma, taratibu, kama mzee anayetafuta mahali pa kukaa kwenye mkeka.

Na ukishaupata umbali huo, sehemu inayoonekana safi ni nyembamba kuliko sarafu. Ukipata jicho, miguu imepotea. Ukipata miguu, una picha ya miguu, na hakuna mtu duniani anayetaka picha ya miguu ya nzi. Wajuzi wanasema uking'ang'ania kitu, kiwe jicho: jicho likiwa safi, mengine yote yanasameheka. Wanasema pia ubane pumzi. Nilibana. Hapo ndipo nikagundua kwamba nina moyo, na kwamba unapiga, maana kila ulipodunda mdudu alitoka kwenye picha akarudi.

Upepo nao. Nimeishi hapa miaka mingi nikilalamika kwamba mchana hakuna upepo. Jaribu kupiga picha kidukari kwenye jani la muhogo ndipo utajua upepo wote wa huku kwetu West Nile unakaa wapi. Jani linalotikisika kwa upana wa punje ya mtama ni, kwa mtu wa makro, tetemeko la ardhi.

Basi nikapewa dawa ya mkono unaotetemeka: chukua soksi safi, jaza maharagwe, funga, laza simu juu yake. Ushauri mzuri, tena ndio uliozaa picha yangu ya kwanza iliyotazamika, ingawa si kwa njia iliyokusudiwa. Soksi niliijaza, nikaisahau dirishani wiki tatu. Niliporudi, ilikuwa na watu. Fukusi walikuwa wanatoka mmoja mmoja kwenye maharagwe kupitia vitundu vya mviringo, safi kana kwamba vimetobolewa na seremala. Nikaibana simu haraka. Fukusi ni mdudu wa kumshukuru Mungu kwa anayeanza: mzito, mpole, hana haraka, na yuko ndani ya nyumba pasipo upepo. Mgongoni ana manyoya mafupi ya rangi ya dhahabu yenye mabaka, kama zulia la sebuleni kwa mtu mwenye pesa. Tena nikajifunza kwamba nimekuwa nikimlaumu asiyehusika. Huyu mkubwa unayemwona akitembea hali maharagwe. Aliyekula ni mtoto, funza aliyekuwa humo ndani; mkubwa anatoka tu, ameshiba tangu utotoni, anatafuta mke.

Nikampelekea mke wangu picha ile kwa fahari ya baba aliyepata mtoto wa kwanza.

"Mzuri," akasema. "Umempata wapi?"

"Kwenye maharagwe yetu."

Akainyamazia simu kitambo. "Na watu umeshawaonyesha?"

Nilikuwa nimeshawaonyesha. Tangu siku hiyo wageni wakija kwetu wanasema wameshakula.

Nirudi kwa sisimizi wangu wa nyuma ya choo, maana yule ndiye aliyenivunja moyo kuliko wote. Inasemwa uwawahi wadudu alfajiri, kabla jua halijawapasha miili, kwa sababu damu yao hufuata hali ya hewa. Kwenye baridi wanakuwa wazito, umande umewakalia, unaweza kuwapiga utakavyo. Labda mahali pengine. Sisimizi wa Pajulu saa kumi na mbili na nusu ameshakwenda kazini na kurudi mara mbili. Ndipo nikakumbuka habari ya Robert Hooke, Mwingereza aliyetoa kitabu kinachoitwa Micrographia mwaka 1665, chenye kiroboto aliyechorwa mkubwa kama paka. Hooke naye alisumbuliwa na mchoro wa sisimizi. Akimgandisha miguu, anajipindapinda, akimuua, ananyauka, akimwacha, anaondoka. Mwishowe akamnywesha brandi. Sisimizi akalewa chakari, akalala bila kusogeza mguu, Hooke akamchora kwa nafasi. Baada ya kama saa nzima akaamka ghafla, akakimbia zake.

Mimi sina brandi, lakini waragi, pombe kali ya kwetu, hapa haujawahi kuadimika. Nikamwaga kifuniko kimoja kwenye kisahani, nikamchukua sisimizi kwa ncha ya jani, nikamdondoshea tone. Ukisoma habari za Hooke huambiwi kwamba kazi hiyo inatakiwa kufanywa ndani, mlango umefungwa. Nilikuwa uani. Mzee jirani akawa amesimama kwenye ua wa michongoma, sijui tangu lini.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya msiba, "hicho unachompa ni nini?"

"Waragi, Mzee. Kidogo tu. Atulie nimpige picha."

Alikitazama kisahani, akamtazama sisimizi aliyekuwa amelala chali akipiga miguu hewani, akanitazama mimi. "Na mimi jirani yako nipo hapa," akasema, akaenda zake. Picha ilitoka na ukungu. Sisimizi aliamka, akaondoka akiyumba kuelekea kwenye sukari.

Mzee huyu sikumaliza naye. Nyuma ya mwembe wake kuna kichuguu kinachonizidi kimo. Mgeni akikiona ataona rundo la udongo. Kichuguu kwetu kina mwenyewe, kama mwembe ulivyo na mwenyewe, na mwenyewe ana watoto watakaokirithi. Kinachotafutwa humo ni kumbikumbi, wale mchwa wenye mabawa wanaoruka mvua ikishanyesha. Walugbara wanawaita onya, na ukiwakaanga wakatoa mafuta yao wenyewe, hata mtu mwenye deni anaweza kucheka. Sasa mimi, kwa ujinga wa mtu anayetafuta askari mchwa mwenye taya nzuri, nikaenda nikapiga magoti mbele ya kichuguu cha mtu, nikakwangua kipande cha udongo, nikaingiza jicho. Ni sawa na kukutwa umeingiza kichwa kwenye ghala la jirani ukasema unapenda tu harufu ya mtama.

"Umekuja kuhesabu?" sauti ikatoka mwembeni.

Nikaona njia ya kujiokoa ni elimu. Nikamwonyesha picha mbili kwenye simu, ya mchwa na ya sisimizi. "Tazama, Mzee. Watu wanawachanganya. Vipapasio vya sisimizi vimepinda katikati kama kiwiko, vya mchwa vimenyooka kama shanga zilizotungwa. Na tazama kiuno. Sisimizi amebanwa kiuno, mchwa hana kiuno kabisa."

"Hana kiuno kwa sababu ana mafuta," Mzee akasema. Kidogo alilegea. Angekaa hivyo, nami ningekwenda nyumbani na heshima yangu. Lakini mtu aliyeanza kufundisha hajui pa kuishia.

"Tena, Mzee, sisimizi si ndugu yake. Ndugu yake ni mende. Wataalamu walipima vinasaba, mwaka 2007 wakaandika kwamba mchwa ni ukoo wa mende, basi tu wamejifunza kuishi kwa pamoja."

Kimya kikawa kirefu. Embe moja lilianguka.

"Unataka kusema," Mzee akauliza polepole, "miaka yangu yote hii nimekuwa nakula mende?"

"Si mende hasa, Mzee. Shemeji zao."

"Mwanangu, wewe ulisoma mpaka wapi?" Akaniomba nirudishe kipande cha udongo mahali pake, nikakirudisha, akakishindilia kwa kidole gumba mbele yangu.

Baada ya hapo niliona heri nikapige picha mbali na nyumbani. Nafasi ikapatikana tulipokwenda Koboko kwa wakwe. Kando ya kijito nilikuwa nimemlenga mdudu mwenye historia: mbung'o. Mbung'o akiketi hukunja mabawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na katikati ya kila bawa mishipa inachora kichumba chenye umbo la shoka. Ukiliona hilo shoka huna haja ya kuuliza jina. Uzazi wake nao ni wa kushangaza. Hatagi mayai mia kama nzi wengine. Analea mtoto mmoja tumboni, anamnywesha maziwa humohumo, anamzaa akiwa karibu na uzito wa mama yake. Nilipoisoma habari hiyo mbele ya mke wangu alisema ameanza kumwonea huruma, kisha akakumbuka malale anayoeneza, akaacha.

Shida ni kwamba nilichelewa. Kando ya mito ya Arua, Maracha na Koboko, tangu mwaka 2011, wamekuwa wakisimika vitambaa vidogo kwenye vijiti, sentimita 25 kwa 50, nusu buluu, nusu chandarua cheusi chenye dawa. Mbung'o anapenda buluu. Anaifuata, anagonga chandarua, habari yake inaishia hapo. Mbung'o wakapungua sana, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba malale yetu, ile ya upande huu wa nchi inayoua polepole, si tatizo tena la afya ya jamii Uganda. Nafurahi kwa ajili ya wananchi, naapa. Nina watu wa ukoo wangu waliougua malale. Lakini hebu na wewe nifikirie mimi: miaka yote mbung'o walikuwepo, sina lenzi, nimepata lenzi, mbung'o wamemalizwa.

Nikakaa kando ya maji kwa saa mbili. Akina mama wawili waliobeba maji walinipita, wakarudi, wakasimama.

"Wewe ni wa vitambaa?" mmoja akauliza.

"Hapana, mama. Kwa nini?"

"Shati."

Nikajitazama. Nilikuwa nimevaa shati langu la ukweni, la buluu, buluu ya vile vitambaa hasa. Nilikuwa nimejisimika mwenyewe kando ya mto. Na ilifanya kazi: dakika chache baadaye mbung'o pekee aliyesalia katika bonde lile alikuja, akatua, akakunja mkasi wake vizuri kabisa. Alitua shingoni kwangu, kwa nyuma. Kama kuna mtu anayeweza kupiga picha shingo yake kwa umbali wa sentimita mbili na nusu, ajitokeze. Aliuma, akaondoka. Njia nzima ya kurudi nilimwambia mke wangu niangalie, nikianza kulala ovyo mchana nipeleke hospitali.

"Nitajuaje kwamba umeanza?" akasema.

Usiku ulioniuzia matumaini ya mwisho ulikuwa wa Aprili. Mvua ilinyesha mchana kutwa, jioni ikakatika, na sote tukajua. Kwa Mzee shimo lilikuwa limeshachimbwa chini ya kichuguu, limefunikwa majani, taa imewekwa. Kwangu nilijitayarisha kama daktari wa upasuaji. Tochi ya simu ya mke wangu niliifunika karatasi nyeupe, kwa sababu mwanga mkali mtupu humfanya mdudu ang'ae kama sufuria na vivuli vyake viwe vyeusi tii. Ukiupitisha kwenye karatasi unalainika kama wa asubuhi yenye mawingu. Nikatandika jani la mgomba juu ya meza. Soksi mpya, safari hii ya mchele. Simu asilimia tisa, kwa sababu ile chaja mnakumbuka iko wapi.

Wakaja. Si mmoja mmoja. Walikuja kama mvua iliyogeuka ikanyesha kutoka pembeni. Mmoja akatua juu ya jani, katikati, akanigeuzia ubavu. Sijawahi kuona kiumbe aliyekaa vizuri namna ile. Mabawa manne ya urefu mmoja, yamelazwa mgongoni, yanaonekana ndani kama karatasi ya kandili, jicho jeusi linang'aa. Nikabana pumzi. Nikasogea mbele, unywele. Jicho likaanza kutoka kwenye ukungu. Nikabonyeza, na mkono mdogo ukaingia kutoka kulia, ukamnyofoa, ukampukutisha mabawa, ukamla.

"Baba, mtamu," mtoto wangu wa mwisho akasema.

Picha ilitoka. Tena ni safi, ndiyo picha safi kuliko zote nilizopata kupiga: ncha ya kidole cha mtoto, mistari yote ya alama ya kidole imesimama wazi, kila mfereji, na jasho kidogo. Pembeni, ukunguni, kipo kitu ambacho ukiambiwa ni bawa unaweza kukubali.

Niliionyesha hiyo kwa sababu sina nyingine. Mzee aliitazama asubuhi akitafuna onya zake bila kunikaribisha, bado ana kinyongo cha mende. Aliishika simu mbali, akaisogeza karibu. "Hiki kitu kinaona mistari ya kidole," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Kinasoma?"

Akaingia ndani akatoka na kitambulisho chake cha taifa, cha wale tulioandikishwa mwaka 2014, ambacho amekifunga kwenye kitambaa na tumbaku tangu siku hiyo. Maandishi yalikuwa yamekwenda na maji. Nikakibana kilenzi, nikatafuta mwanga wa ubavuni, na herufi zikajitokeza kama nyayo kwenye matope. Hakusema asante. Alisema, "Kumbe una akili," kisha akaenda kuwaambia watu.

Sasa hivi nina foleni. Wa kutaka fedha za parishi, ile milioni moja ya serikali, anahitaji namba yake ya kitambulisho isomeke. Wa kununua dawa ya nyanya analeta chupa nimsomee tarehe ya kuharibika. Kuna aliyeleta mwiba uliomo kisiginoni, nikamwambia mimi si kliniki, akaniambia mbona sisimizi unamtibu. Hakuna aliyewahi kuomba kuona fukusi wangu wa dhahabu.

Jana alikuja bibi mmoja kutoka upande wa bondeni. Ameshavuka miaka 80, na wa umri huo serikali huwapa shilingi 25,000 kwa mwezi, bei ya kilenzi changu kamili, lakini mpaka namba iandikwe bila kosa. Namba ina herufi na tarakimu 14. Tulianza na CF, ya wanawake, hiyo rahisi. Tukaenda polepole, mjukuu anaandika kwenye daftari, mimi nimeinama nimebana pumzi. Tulikuwa tumefika ya kumi na moja nilipohisi kitu chepesi kwenye mkono wangu wa kushoto.

Vunjajungu. Mchanga, wa kijani ambao bado haujakauka, umande juu ya macho, mikono ameikunja kifuani, amesimama kwenye kiwiko changu palepale penye mwanga. Hapakuwa na upepo. Alinigeuzia kichwa. Alikuwa ananitazama mimi, ametulia kabisa, anangoja.

"Mwanangu," Bibi akasema, "mbona umenyamaza? Hiyo ni O au ni sifuri?"